Mchoro wa Wodi Uliogoma Kufunguka

Jumatatu, 6 Mei

Mchoro wa wodi ya wazazi umegoma kufunguka. Nimebofya, nimebofya tena. "Faili limeharibika." Basi! Miezi yote ile ya kuchora, jibu ndilo hilo. Na Ijumaa wanamwaga zege la boriti. Bosi kasimama nyuma ya kiti changu, anapumua tu. Heri angefoka.

Jumanne, 7 Mei

Kaja fundi wa kompyuta. Tunamwita Daktari, maana huitwa mgonjwa akishakata roho. Kasema kosa ni letu sote: tunafungulia michoro palepale kwenye diski ya pamoja, ile ya seva iliyoko stoo. Mtandao ukikatika mtu anahifadhi, nusu ya faili inaandikwa, nusu inabaki hewani. Na waya wa stoo umelegea, kila anayefuata karatasi anaupiga teke.

Bosi kauliza nani kaupiga. Wote tukaangalia sakafu.

Nakala ya akiba? Ipo! Mbovu vilevile. Mfumo umenakili ubovu juu ya uzima. Nilicheka, machozi yakiwa karibu.

Nyumbani mama mkwe kaniuliza mbona sili. Nikamweleza. Kasema karatasi za enzi zao zilikaa miaka kabatini, zetu sisi zinachacha kama maziwa.

Jumatano, 8 Mei

Mchoro umepatikana! Daktari kachokonoa kompyuta yangu, kakuta faili la muda ambalo programu hujiwekea yenyewe. Lilikuwa na majeraha, akalitibu. Kuta zikatokea, kisha milango, kisha ngazi. Tulipiga makofi kama watoto.

Bosi akautuma kwa msimamizi wa ujenzi papo hapo. Nikasema tuupitie kwanza. Kanijibu: "Dada yangu, usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

Nilikuwa hoi. Nikachukua mkoba, nikaenda zangu.

Alhamisi, 9 Mei

Sheria mpya, Daktari kaibandika ukutani. Nakili mchoro kwenye kompyuta yako, fanyia kazi hapo, jioni rudisha kwa jina jipya lenye tarehe. Nakala za akiba zisifutane. Waya umefungwa vizuri, hakuna tena mateke.

Mchana namkuta nani kafungua mchoro kwenye diski ya pamoja, laptopu mkononi, bila waya, anatembea nayo koridoni? Bosi! "Naangalia tu." Anaangalia tu, huku anabonyeza kuhifadhi. Nimempita. Nimechoka kuwa polisi.

Ijumaa, 10 Mei

Usingizi haukuja vizuri. Nimewahi ofisini, nikaanza kuupitia ule mchoro uliofufuliwa, taratibu, kando yake hesabu za mhandisi. Kuta sawa. Nguzo sawa. Boriti ndefu, ile ya juu ya chumba cha kujifungulia — nondo za chini ni mbili. Hesabu zinasema nne. Nikavuta picha karibu. Mbili! Nyingine hazikurudi.

Bosi hapokei simu. Mhandisi yuko safarini, simu imezimwa.

Nikampigia msimamizi. Kapokea kwa furaha, nyuma yake mashine inanguruma.

"Dada wa michoro! Gari la zege limeshafika, tunaanza."

"Simamisha, kaka. Nondo zimepungua."

"Tumefunga kama mlivyochora."

"Mchoro una kasoro."

"Zege halisubiri mtu, dada. Hiyo ni amri ya nani?"

Nikasema ya bosi.

Uongo mtupu. Umetoka wenyewe.

Nikasikia anawapigia watu kelele wasubiri. Mashine bado inanguruma lakini. Karudi: "Basi mpe simu, nimsikie mwenyewe. Hasara hii sibebi peke yangu."

Nimemwambia angoje kidogo. Simu iko mezani, haijakatwa. Naandika huku macho yako mlangoni.

Mlango huo unafunguka. Bosi anaingia, kikombe mkononi, anatusalimia kwa bashasha — hajui nimeshasema nini kwa jina lake.

Namnyooshea simu.