Gundi Kwenye Chetezo

Al Khoudh, Maskat
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mamaangu Bi Khawla,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima, kikohozi kimekuacha, na koti zito unalivaa hata kama unakwenda dukani tu. Sisi huku kwa dada yako, Mama Mkubwa Masouda, hatujambo sote, joto tu ndilo linalotutesa. Barua anakuletea mwanawe, Balqees. Chuo chao kinampeleka mkutanoni Oslo, na ameahidi kufika mpaka Stavanger kukuamkia. Utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Kwenye simu, nikishasikia sauti yako, ninalotaka kusema hulimeza nikasema jengine. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Nnajua unangoja khabari moja tu: goti langu limefikia wapi, na Jumapili naingia kambini na timu ya taifa au siingii. Kocha wetu Solveig alinipa mpaka Alkhamisi, yaani jana, nimpe jibu. Ubingwa wa Ulaya umebakisha wiki sita na hawezi kupanga timu na nahodha asiyejulikana yuko wapi. Nitakufikisha huko, mama, nipe nafasi.

Miezi mitatu hii, tokea nije huku kuuguza goti, mie sikai, sisimami. Mwili wangu umezoea kuamrishwa, saa hii kula, saa hii kulala, saa hii kuruka, na huku hapana anayeuamrisha. Baada ya alfajiri nazunguka ua mara arubaini. Nikichoka kuzunguka nachukua gari ya Balqees, nakwenda Matrah, natembea ufukweni mwanzo mpaka mwisho na kurudi, kisha naingia sokoni kuuliza bei ya vitu nisivyovitaka. Juzi nilifika hadi Sidab, nikazima gari, nikaiwasha, nikarudi. Mama Mkubwa aliniuliza kama nimekalia siafu. Akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mie kamba hainitoshi, nataka tundu na kufuli.

Na wageni hawaishi. Kila Jumatatu majirani wanakuja kumtazama bingwa, na Mama Mkubwa ndiye msimulizi, mie kazi yangu kukaa na kutazamwa. Huanza na siku uliyonipeleka ukumbini kucheza mpira nna miaka saba kwa sababu nilikuwa navunja vikombe nyumbani. Akatoka hapo akaja kwenye klabu nilipokuwa na kumi na sita, timu ya taifa kwenye kumi na tisa, miaka yangu minne Denmark, dhahabu mbili za Ulaya na moja ya dunia. Wiki mbili nyuma dhahabu ya dunia ilizaa, zikawa tatu, na ile fainali niliyofunga mabao tisa ikafika kumi na sita. Nikimsahihisha ananikata jicho. Bukta haitaji hata siku moja, kwa hivyo sijui wageni wanadhani nacheza mpira wa mikono na nguo gani.

Sasa sikiliza lililotokea Jumatatu hii. Unakijua kile kikopo changu cha gundi, ile ya utomvu wa msonobari tunayojipaka vidoleni ili mpira usiteleze. Nilikuwa nacho kimoja, cha mwisho, kwenye mkoba wa mazoezi chini ya kitanda. Mama Mkubwa alipofagia alikiona, akakifungua, akakinusa. Akaona ni bukhuri ya Kizungu, zawadi yake niliyoona haya kumpa. Wallahi hakuniuliza. Wageni walipokwisha kula halwa na kunywa kahawa, akatia makaa kwenye chetezo na juu yake akachota vijiko viwili vya gundi yangu, vyote vilivyobaki.

Moshi uliotoka, mama, ulikuwa mweusi na mzito, na makaa yakawa yanatema cheche. Lakini nani atakataa udi wa mwenyewe nyumba? Walijifukiza shela zao wakikohoa, machozi yanawatoka, na mmoja akauliza, mashaallah, inauzwa wapi. Kisha wakanyanyuka wote wakaaga, maana unajua mwenyewe desturi ya huku, udi ukishapita hapana kukaa tena. Mie nilibaki mlangoni nimeshika kikopo kitupu.

Mama Mkubwa alipofahamu alichokichoma alitaka kulia. Akanishika mikono, akaniomba radhi, akasema Balqees ataniletea vyengine kumi kutoka Norwei. Nikamwambia asiagize. Neno lilitoka lenyewe, sikulipanga. Nilingoja nione uchungu, kwa sababu gundi ile imekuwa mikononi mwangu miaka ishirini na mbili, mpaka mito yako ya kulalia inanuka. Sikuona uchungu. Niliona wepesi, mama, kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana tokea asubuhi. Nikakaa chini palepale mlangoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tokea nije Maskat kukaa bila ya kutaka kuondoka. Mama Mkubwa akaja kukaa kando yangu. Akasema la kuvunda halina ubani, na kama kuna jambo, mwenye haki ya kuambiwa ni mamaangu, siye yeye.

Basi nakwambia. Goti langu ni zima. Daktari alinipa cheti mwezi wa pili tokea nije, na nimekificha kwenye msahafu nikijua hapana atakayekitafuta humo, Mungu anisamehe. Kila Jumamosi ulipouliza nilikwambia bado linavimba. Halikuvimba. Kilichokuwa kibovu ni mie. Nikifikiria kuingia ukumbini natafuta mlango wa kutokea, na nimekuwa nikiutafuta tokea kabla ya fainali ya mwaka jana. Goti lilipoumia nilishukuru, mama. Nililala sakafuni mbele ya watu elfu kumi, nikashukuru. Jana nilimpigia Solveig nikamwambia siji, si Jumapili wala baadaye, nimemaliza. Alilia kidogo, akanishukuru, akasema nafasi ya unahodha ataijaza. Mambo ya miaka ishirini na mbili yalikwisha kwa dakika sita.

Solveig sikumuogopa. Nimekuogopa wewe. Tangu baba atutoke, huko ugenini huna mtu ila wale mnaokaa nao safu ya nne kutazama mechi zetu. Lugha yao umejifunza pale, kwa kupiga kelele pamoja nao. Ulipougua, hao ndio waliokuletea supu. Nikiacha mie, ni nani atakuita ukumbini? Hilo ndilo linalonizungusha ua mara arubaini. Nimekunyang'anya kitu chako bila ya kukuuliza, na naomba radhi yako.

Mama Mkubwa anakusalimu sana na anakuletea halwa kilo mbili, usiigawe yote. Balqees akifika mpikie mchuzi wa nazi, amechoka na vya hapa. Wasalimie wote wa safu ya nne, na khabari hii uwape wewe, wasiisome gazetini.

Nitakupigia Jumamosi, mchana wa kwenu. Nna ombi moja tu. Tokea nna miaka saba, kila nikifungua mlango, kila nikipiga simu baada ya mechi, neno lako la kwanza limekuwa: mmeshinda? Safari hii niulize nimekula nini.

Mwanao,
Ruba