Kijiko cha Mama Furaha

Rehema mjukuu wangu,

Hapa Mbuya sote wazima. Mama yako amepona mguu, na mdogo wako bado anaunguza chapati.

Umeniuliza kwa nini huko Juba bei ya unga ikipanda watu wanaogopa kabla hata ya kusikia risasi. Nimemkumbuka Mama Furaha, Mkongo aliyeuza chumvi soko la Nakivubo enzi za utawala wa jeshi. Bei ilikuwa inapanda kila wiki. Siku moja, nikiwa kwenye foleni, babu yako, wakati huo askari, akatokea na bunduki begani. Wakubwa wake walikuwa wamemtuma achukue gunia zima la chumvi. Wanawake wakaanza kuokota mawe.

Mama Furaha hakupiga kelele. Alimpa kijiko.

"Afande, gawa wewe. Kila mtu kijiko kimoja, kwa bei ya jana. Itakayobaki, beba."

Babu yako akatazama foleni. Nusu yetu tulikuwa wake wa askari wa kambini kwake. Akainama, akaanza kugawa, na mawe yakarudi chini. Zamu yangu ilipofika, akanijazia kijiko mpaka kikafanya kilima. Mama Furaha akapitisha kidole, akakisawazisha mbele ya watu wote. Babu yako, na bunduki yake, akamwita anayefuata.

Mpaka leo sijaona jasiri kama mama yule. Kesho yake bei ilipanda tena, lakini siku ile wote tulirudi nyumbani.

Jioni mchuzi wangu ulikuwa chapwa kabisa. Babu yako akaula mpaka akaramba sahani.

Bibi yako