Injini Niliyoitengeneza Nusu

Mwakio rafiki yangu,

Ni mimi, Mutua. Naandika polepole kwa sababu mbavu bado zinauma nikiinama, na sababu yake nitakueleza. Wakesho mkeo mzima. Binti yako Mghoi mzima pia, ameanza shule ya chekechea hapo Mwanda na anakataa kuvaa viatu. Nimeanza na hayo kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza. Yanayofuata hungeuliza, kwa vile hukuyajua.

Unakumbuka pikipiki yetu ilivyoanza kutoa moshi wa bluu? Miaka minne tulikuwa tumeipandisha milima hii, wewe asubuhi, mimi mchana, mpaka ikawa haiwezi kutoka Mwatate kupanda Wundanyi na abiria wawili. Tukampelekea Fundi Saidi. Akaifungua injini mbele yetu, akaingiza kidole ndani ya silinda na kukizungusha, akasema imelika. Injini mpya ilikuwa elfu hamsini, hiyo tukaiacha palepale. Kuchonga silinda, kuweka pistoni mpya na kubadilisha beringi za ndani ilikuwa elfu kumi na nane. Ukaniangalia, ukasema, "Hii ya pili. Tuifanye mara moja tusahau." Uliuza mbuzi wawili. Ukaniletea elfu tisa zako zimekunjwa kwenye karatasi ya sukari, ukasema mimi ndiye mwenye mdomo wa kuelewana na mafundi.

Mwakio, nilimwambia fundi aweke ringi za pistoni peke yake, silinda asiichonge.

Alikataa. "Mutua, silinda ikiwa imelika hivi, ringi mpya zitavunjika. Itakwenda wiki mbili, tatu, halafu itajamu barabarani." Nikamwambia aweke, na wewe asikwambie. Ringi na kazi yake vilikula elfu nne. Pesa zilizobaki, zako ndani yake, nilinunua mabati ya nyumba yangu. Hukuwahi kuuliza niliyapata wapi. Ulikuja ukanisaidia kuyapigilia misumari.

Asubuhi ile tukitoka Taveta na mikungu mitatu ya ndizi, mimi nimekaa nyuma nimeishikilia, ulikuwa unaimba. Tulipita Salaita, tukaingia kule ambako mbuga iko pande zote mbili. Injini ikalia kama chuma kinachanwa, gurudumu la nyuma likakaza, tukaanguka wote na ndizi zikamwagika kwenye lami. Nilichunika kiwiko. Tulikuwa bado tunajipangusa vumbi dume la ndovu lilipotoka kwenye vichaka, peke yake, limeinua mkonga linanusa.

Nilikwambia tukimbie. Ulikuwa umeshasimamisha pikipiki, unapiga kiki. Haikushuka. Ukasema, "Silinda ikichongwa upya hukaza kidogo ikipata moto. Itaachia. Kimbia wewe, mimi naja nayo."

Wewe uliamini ile injini, Mwakio. Mimi nilijua kilichokuwa ndani yake, na nilikuwa na muda wa kukwambia maneno matatu. Nikakimbia badala yake, nikaingia ndani ya kalavati, lile bomba la maji linalopita chini ya barabara, nikiwa kimya.

Kutoka pale niliona kila kitu. Uliiacha pikipiki kwa kuchelewa sana. Pembe ilikuingia pajani, likakuinua, likakubwaga kwenye lami, na nilidhani limemaliza. Lilirudi. Likakuwekea goti kifuani. Sauti ile siwezi kuiandika. Kisha likaipiga pikipiki mpaka ikakunjika, na baadaye likasimama kando yako likala ndizi, moja baada ya nyingine, muda mrefu, na mimi nikiwa nimejiuma mkono nisilie.

Vijana wa kwetu walifunga barabara siku hiyo hiyo, kwa hasira ya ndovu wa mbuga wanaoua watu. Mawe, magogo, matairi yanawaka. Walinzi wa mbuga walipofika nilikuwa mstari wa mbele. Jiwe langu lilimpata mmoja mdomoni, akakaa chini anatema meno. Alikuwa kijana wa hapa hapa kwetu. Watu walinipiga mgongoni kunisifu, wakasema namlilia rafiki.

Siku tuliyokuzika, baada ya chakula, mmoja wa wenzetu wa stendi ya bodaboda aliuliza, "Lakini ile injini si ilikuwa imetoka kwa fundi juzi tu?" Wote wakanigeukia. Wakesho pia aligeuka, na Mghoi mgongoni. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Ni Saidi. Alikula pesa zetu, akaweka vitu vya zamani."

Tulishuka Mwatate pikipiki nane. Fundi alikuwa amechuchumaa anafunga cheni ya mteja. Mimi ndiye niliyempiga kwanza, na spana yake mwenyewe. Aliniangalia akasema, "Mutua, waambie..." Nikampiga mdomoni asimalize. Kila alipojaribu kufungua mdomo nilimpiga hapo hapo, mpaka taya likalegea. Wengine walimkanyaga, wakachoma kibanda. Walipochoka mimi nilikuwa bado napiga, na ni wao walionishika. Jicho lake la kushoto halikupona.

Polisi walipomwuliza hospitalini aliandika kwenye karatasi, kwa kuwa taya lilikuwa limefungwa waya, kwamba hakumwona mtu.

Miezi mitatu nilikaa na hilo. Nilikunywa sana. Nilipigana na watu kwa sababu ya kiti, kwa sababu ya chenji, kwa sababu ya kuangaliwa. Mvua ya kwanza iliponyesha sikuweza kulala ndani ya nyumba, kelele zilikuwa juu ya kichwa changu. Kulipokucha nikapanda juu nikayang'oa yale mabati kwa mikono. Kisha nikaenda kwa fundi.

Mkewe alifungua mlango, akaniona, akaniacha nimesimama pale. Fundi alikuwa ameketi uani. Nikapiga magoti. Nikamwuliza mbona hakusema. Alizungumza kwa shida, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo.

"Ningelisema siku ile, wale vijana wangekugeukia wewe, wakuue pale pale. Sikutaka roho yako mikononi mwangu. Na mimi pia nina kosa langu, nilikufichia ile siri ya ringi. Lakini mke wa Mwakio lazima ajue, wala si mimi nitakayemwambia."

Nilipanda Mwanda siku iliyofuata. Wakesho alikuwa anapasua kuni. Alinikaribisha, "Karibu shemeji," akataka kuniletea kigoda. Nikamwambia asilete. Nikasema yote nikiwa nimesimama, mbuzi, elfu tisa, ringi, kalavati, fundi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Alijua?"

Nikasema hukujua. Nikasema ungejua ungeiacha pikipiki ukakimbia na mimi.

Alichukua gogo la kuni akanipiga begani. Akanipiga mbavuni. Nilianguka, akaendelea, bila kelele, anapumua tu kama mtu anayelima. Nilisikia mbavu zikivunjika na sikuinua mkono. Aliacha alipomwona Mghoi amesimama mlangoni. Akatupa gogo, akamchukua mtoto, akaingia ndani.

Nilitoka hapo nikaenda kituo cha polisi nikaandikisha kwamba ni mimi niliyempiga fundi. Kesi iko mahakamani, sijui nitafungwa muda gani. Stendi wamenifukuza. Mabati nilimpelekea Wakesho kwa mkokoteni, nikayaacha njiani karibu na kwake. Nasikia ameezekea zizi. Kwa fundi naenda kila siku mpaka nitakapoitwa. Tulisimamisha kibanda kingine. Jicho moja halimtoshi kuona mwanya wa vyuma vidogo, basi yeye anasema na mimi nafanya. Hanipendi. Nikikosea ananipiga kofi, na mimi narudia kazi.

Jana Wakesho alinitumia mtu kuniita. Nilifika, hakunikaribisha. Tuliongea kwenye ua, yeye ndani, mimi nje.

"Mghoi ameanza kuuliza baba yake yuko wapi. Nimemwambia ndovu. Lakini atakua, na atauliza zaidi. Siku hiyo utakuja wewe umwambie, Mutua. Mimi nitakaa nisikilize. Ukipunguza neno moja nitajua."

Nikamwambia nitakuja.

Mwakio, kusamehewa siombi. Hata ungeweza kujibu nisingeomba. Nakuahidi hili tu: popote nitakapokuwa, ndani au nje, akiniita mwanao nitakuja, nitakaa mbele yake, nitamwambia jina la aliyeshika pesa na jina la aliyekaa kimya chini ya barabara. Sitapunguza.

Pumzika, rafiki yangu. Ulikuwa mtu mwema na ulipanda milima hii na mimi.

Mutua