Picha za Sahani Nilizokutumia

Mpendwa mpwa wangu Nekesa,

Kwanza ujue kwamba bila mimi mtaa mzima wa Al Thumama haulali. Geti ninalolinda linategemewa na majumba kumi na nane, na kuna tajiri mmoja mule ndani hapandi gari asubuhi mpaka nimwambie mimi kwamba barabara ni salama. Balozi mzima aliwahi kushuka garini anisalimie kwa mikono miwili. Haya unayajua, nilishakusimulia mara nyingi. Nayaandika tena kwa sababu baada ya hapa barua hii haina la kujivunia.

Naiweka hapa kwenye ukurasa wa Wakenya wa Doha, mbele ya watu, kwa sababu simu zako za wiki hii nimeziangalia zikiita mpaka zikanyamaza. Sauti yako siiwezi. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo naandika vile naongea. Utanivumilia.

Unakumbuka siku uliyonipima sukari? Nilikuja kwako Al Sadd, Ijumaa, umetoka zamu na sare yako ya unesi bado mwilini. Ukanitoboa kidole, ukasema ni mchezo tu. Kile kimashine, mimi nasema mpaka leo, kilitoa moshi. Ghuba yote hakuna mtu aliyewahi kufikisha namba ile akiwa amesimama kwa miguu yake. Nikacheka. Wewe hukucheka. Ulivuta sahani yangu ya ugali upande wako wa meza.

"Anko, wewe na huyu mmeachana leo."

"Mke wa miaka yote hii, mama? Hata kikao cha wazee hakuna?"

Nilikuita mama kama kawaida, maana jina ulipewa la mama yangu mzazi. Lakini siku ile hata macho yalikuwa yake.

Ukanifundisha kama mtoto wa nasari. Wali, ugali, chapati, viazi, mkate, vyote vikishuka tumboni vinageuka sukari. Nikabisha: ugali una utamu gani? Ukasema jaza nusu ya sahani mboga, halafu yai, samaki au nyama, na vidonge nimeze kama nitakavyoandikiwa hospitali. Rahisi hivyo. Lakini wewe ulikuwa na jiko. Kambini kwetu chakula kinaletwa na gari la kampuni kwenye ndoo: asubuhi mikate ya kiarabu, mchana wali na dengu, jioni wali na kipande cha kuku. Kupika chumbani ni marufuku. Tunaruhusiwa birika la umeme tu.

Basi nikachemshia mayai kwenye birika. Tuko sita chumbani, na birika ni moja. Yule Mganda wangu, Kizito, alionja chai yake akanitazama hivi.

"Ssebo, hii chai ina harufu ya kuku."

"Ni dawa hiyo, kunywa."

"Sawa mzee. Ukianza kutaga, utuambie tukutandikie majani."

Wakacheka kambi nzima. Nilivumilia, mama. Nilikula mayai mpaka nikaona aibu kumtazama kuku. Bado namba haikushuka, na ukashindwa kuelewa, mpaka ile Ijumaa tumekaa ufukweni Al Wakrah ukaniuliza polepole kama askari kanzu.

"Tangu asubuhi umekunywa nini?"

"Chai tu. Karak."

"Ngapi?"

"Saba hivi. Lakini vikombe vyenyewe vidogo, kama vya mwanasesere."

"Saba! Anko, ile si maziwa ya kopo na sukari?"

"Sasa chai nayo ni chakula?"

Uliinamisha kichwa magotini. Nilidhani unalia. Kumbe unacheka, unacheka mpaka watoto wa watu wakageuka kukutazama. Kisha ukachukua kikombe cha nane mkononi mwangu, ukakimwaga mchangani. "Huu ni ugali wa kunywa," ukasema. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu anayenimwagia chai.

Nikaacha karak. Namba ikashuka. Kila Ijumaa ulinijia na mikebe yako ya kabichi na samaki wa kukaanga, ya kunitosha siku tatu, na zile zingine nne nilijikaza na mayai yangu. Nilitoboa mshipi matundu mawili mapya. Niliwaambia wenzangu nimeiponya sukari, na wazee wawili wa chumba cha pili wakaja kuniomba ushauri, nami nikawapa kama daktari.

Halafu ukapata kazi Uingereza. Uwanja wa ndege nilikusindikiza nikikuambia nenda, mjomba wako ni simba. Ukaniapisha nikutumie picha ya sahani yangu kila siku.

Wiki ya kwanza nilituma za kweli. Ya pili nilitoka kazini nimesimama juani kwa saa kumi na mbili, nikakuta wenzangu wamezunguka sinia, wali unafuka moshi, wamenibakishia nafasi yangu. Nilikaa, mama. Ukila peke yako kitandani na mayai mawili, na watu watano wanacheka mgongoni mwako, hata kama hawakucheki wewe, yai halipiti kooni. Yule simba alikula mpaka akalamba sinia.

Kesho yake nilichemsha mayai manne, nikayapanga na matango na samaki wa kopo, nikayapiga picha kumi na tisa. Nilibadilisha sahani, nikageuza kijiko, nikahamia dirishani, nikarudi. Zikiisha natengeneza nyingine. Nawe kila jioni ulijibu, "Hongera Anko! Naringa na wewe hapa kazini." Unawaonyesha wazungu picha za mayai niliyoyala mara moja. Neno lile hongera lilinichoma kuliko sindano, na bado nililisubiri kila siku.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Kizito alisema chumba kinanuka panya aliyekufa. Tulivuta vitanda vyote sita, tukafagia, tukamwaga dawa. Panya hatukumpata. Alikuwa ndani ya buti langu la kushoto. Kidole gumba kwa chini kilikuwa kimeoza, nami sikuwa nasikia maumivu yoyote, mguu umekufa ganzi.

Jumatatu wanakikata. Daktari amesema wali na mikate viishe sasa hivi, la sivyo watarudi kukata juu zaidi. Nimesema ndiyo. Nilisema ndiyo kwako pia. Jana ndoo ililetwa kama kawaida, nikaitazama, na sikuona ndani yangu yule mtu wa kuikataa. Msimamizi ameshauliza kama nitaweza kusimama getini. Mlinzi wa kukaa hayuko kwenye mkataba, atapandishwa ndege. Na nyumbani wanajua mimi ni mkubwa wa usalama wa Doha nzima.

Usikatishe kazi yako uje. Usijilaumu kwamba uliondoka. Vaa koti zito huko, ule vizuri, na zile picha zifute, usimwonyeshe mtu tena.

Limebaki moja. Daktari aliniuliza, kidonda cha wiki nyingi hivi, hukukiona? Nikamjibu walinzi wa ngazi yangu hawana nafasi ya kuangalia miguu. Uongo, mama. Kitambi kimerudi chote, siinami nikafika. Soksi naitupia kidole kama mtu anayenasa ndama kwa kamba. Tangu uondoke sijawahi kuona nyayo zangu, na Kizito analala kitanda cha pili, angeziangalia kwa dakika moja, lakini niliona haya kumwomba.

Mjomba wako,
wa getini Al Thumama