Mlango wa Bibi Harusi

Marahaba, Saumu mjukuu wangu. Huku Mlingotini hatujambo, ila baba yako anaezeka upya jiko langu na vumbi linanikera.

Nimesomewa ujumbe wako. Bibi harusi alilia ukimpaka piko, ukamrekodi, na sasa unaniuliza kama uirushe video mtandaoni maana machozi huleta wateja. Mbona hukumwuliza mwenyewe?

Nami usichanani nilikuwa nikipaka maharusi. Siku moja mmoja akaangua kilio, piko bado bichi mikononi. Wanawake waliokuwa nje wakasikia, wakaanza kuusukuma mlango. Shangazi wa bwana harusi akapiga kelele, "Fundi, fungua tumwone! Nina harusi tatu, zote nitakupa wewe!"

Komeo lilikuwa bovu. Nikaukaza mgongo mlangoni, miguu ikiteleza sakafuni. Yule binti akaninong'oneza, "Dada, wasinione hivi."

Sikufungua. Nilitukanwa, na harusi zile akapewa fundi mwingine. Sikudanganyi, kazi iliyumba.

Miaka ikapita. Tulipokwenda kumposea baba yako tulikuwa na hofu, maana hatukuwa na kitu. Mama wa binti tuliyekwenda kumposa aliponiona tu, akawaambia wazee, "Huyu aliushika mlango wangu. Mwanangu na aende kwao."

Binti huyo ndiye mama yako.

Ifute hiyo video leo. Na ukimpigia bibi yako mzaa mama, msalimie, ila usimwulize siku ile alilia nini. Hata mimi sijamwuliza mpaka leo.