Mabeseni Mawili Juu ya Bomba

Harbin, 26 Desemba 1983

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kikohozi kimekuachia. Mimi na mtoto aliye tumboni tu wazima, ila chakula hakipiti. Nikinusa mafuta tu, natapika.

Kifurushi chako kimefika. Matunguu yote mazima, hata moja halikuganda njiani. Nilipofungua sanduku nikanusa udongo wa kwetu, nikakaa chini nikalia. Mama mkwe akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia ni maua. "Maua! Mimi nilidhani baba yako katuma samaki."

Matatu nimeyachonga kwa kisu kama ulivyonifundisha, yako kwenye sahani dirishani. Mengine yamekosa nafasi. Nimeyatia kwenye beseni juu ya bomba la joto, kando ya beseni ambamo mama mkwe huotesha vitunguu saumu apate majani ya kupikia. Majira haya chakula ni kabichi na viazi. Ukitaka jani bichi, sharti ulioteshe mwenyewe ndani.

Baba, siwezi kukaa hapa. Mume wangu Dehou yuko msituni anakata magogo, harudi mpaka barafu iyeyuke. Mimi na mama yake tunazungukana chumbani kama paka wawili ndani ya gunia. Nikitoka kiwandani sitaki kupanda ngazi; naranda barabarani mpaka kope zinaganda. Najua kwa mila yetu mtu hajifungulii kwa wazazi wake, watu watasema. Waache waseme. Niruhusu nije.

Binti yako,
Liqin

Zhangzhou, 6 Januari 1984

A-Qin mwanangu,

Marahaba. Kikohozi bado kipo, tumeshazoeana. Pole kwa kichefuchefu. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa vivyo hivyo alipokuwa na mimba yako.

Hayo yaliyo juu ya bomba yaondoe leo hii! Joto litayavuta majani yawe marefu kama mboga, na ua hutaliona. Shuixian, maua ya matunguu haya, hutaka jua mchana na ubaridi usiku. Jioni mwaga maji, asubuhi rudisha. Yale uliyochonga, funika kidonda kwa pamba.

Kuhusu kuja: shangazi yako anasema binti akijifungulia kwao analeta nuksi. Basi tangu nimjue shangazi yako, kila kitu kinaleta nuksi. Simsikilizi. Lakini mumeo anajua? Umemwandikia? Mtu akiondoka bila kuaga, hubaki anaondoka maisha yake yote. Mwandikie kwanza, halafu tuone.

Baba yako

Zhangzhou, 9 Januari 1984

A-Qin,

Hujambo? Najua barua yangu haijakufikia, nami naandika nyingine. Leo mteja mmoja kasimama kibandani kwangu ninapouzia matunguu na kuuliza, "Haya yanalika?" Nikacheka. Alipoondoka, kicheko kikanikauka mdomoni.

Umesema beseni la maua liko kando ya beseni la vitunguu saumu. Mwanangu, jani la shuixian ni sumu, na tunguu lake ni sumu zaidi. Hapa hata mtoto mdogo anajua, ndiyo maana sikuwahi kukuambia. Mama mkwe wako hajui. Atajuaje? Mwambie leo. Hapo ulipo, inuka umwambie.

Sina la zaidi. Nijibu upesi.

Baba yako

Harbin, 22 Januari 1984

Baba,

Shikamoo. Sijui hali yako, na yangu sijui niielezeje.

Ile ya kwanza ilinikuta nimechoka, nikasema beseni nitaliondoa kesho. Ya pili imefika juzi. Imechelewa.

Jumanne nilirudi kutoka kiwandani nimenuna. Msimamizi alikuwa amenigombeza mbele za watu, nami kutwa sikuwa nimekula. Mama mkwe alinisubiri mezani na bakuli la jiaozi zinatoa moshi, za unga uliokunjwa juu ya mayai na majani mabichi. Baba, tangu niolewe mwanamke huyu hajawahi kunipikia kitu changu peke yangu. Akasema, "Kula. Nimekata beseni zima kwa ajili yako."

Nami nikalisukuma bakuli. Nikasema, "Sitaki. Sijakuomba."

Akanitazama. Kisha akavuta bakuli upande wake, akasema, "Chakula hakitupwi," akala zote, moja baada ya nyingine, hanitazami. Nikageukia ukuta. Nilipoenda kuchota maji ndipo nikaona mabeseni. Vitunguu saumu vyake vimesimama. Matunguu yangu yamekatwa majani.

Macho yake hayaoni vizuri, Baba, na majani yalikuwa yamerefuka, hayana tofauti. Nilipiga kelele atapike, akadhani namtukana. Punde akaanza kutapika mwenyewe, jasho baridi likamtoka. Tulimvuta hospitali kwa kigari cha theluji, mimi na jirani.

Yu hai. Lakini moyo wake ni dhaifu, hazungumzi. Ngazini majirani wananyamaza nikipita, na nikishapita nasikia: "Yule Mkusini. Kamwoteshea sumu bibi wa watu nyumbani kwake." Dehou aliitwa kutoka msituni. Aliingia na theluji mabegani, akaniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Nikasema nilijua ni sumu, sikujua amekata. Alichukua maua yote, hata yale ya dirishani yaliyokuwa yameanza kutoa vitumba, akayamwaga nje.

Sikumwua mtu, Baba, lakini natembea kama mwuaji. Nimefunga mzigo. Nijibu kwa simu ya maandishi, neno moja linatosha.

Liqin

SIMU YA MAANDISHI, Zhangzhou, 30 Januari 1984
NJOO. NITAKUWA KITUONI. BABA

Harbin, 4 Februari 1984

Baba yangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya wa kalenda yetu. Simu yangu ya "siji" bila shaka umeipata, na umekasirika. Una haki. Sasa sikiliza.

Mkesha wa mwaka mpya nilikuwa mlangoni na mzigo, nimevaa. Ngazini nikasikia miguu na maguno: Dehou anapanda, kambeba mama yake mgongoni. Majirani wote wametoka kuchungulia. Mama mkwe akasema, "Nishushe hapa hapa." Akashika ukuta, akawageukia.

"Majani nimekata mimi. Kisu changu, macho yangu, mdomo wangu. Mwenye la kusema aje aniambie mimi, si huyu."

Kisha akauona mzigo wangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu, Mama. Nisamehe. Siku ile nilikukosea adabu."

"Adabu!" Baba, alicheka mpaka Dehou akamshika asianguke. "Ungekuwa na adabu siku ile, ungekula, na mjukuu wangu angekuwa wapi? Nimelala hospitalini nawaza hilo tu. Mdomo wako huo mbaya ndio uliomwokoa. Usijifunze adabu, mwanangu. Utatuua."

Ni mara ya kwanza kuniita mwanangu. Dehou alichukua mzigo mkononi mwangu, akauweka chini, akasema, "Lile swali sikupaswa kukuuliza." Halafu akaingia kuwasha jiko, maana yeye hawezi kusema maneno mawili mazuri mfululizo.

Sikuambii kwamba nimetulia. Nikisikia filimbi ya treni bado miguu inaniwasha, na usiku nageuka geuka kitandani. Huenda mwakani nikaondoka kweli. Lakini nikiondoka nitatoka kwa mlango, mchana, nimeaga.

Sasa rudi nyumbani, Baba. Nakujua, najua hata baada ya simu yangu uliendelea kwenda kituoni kunisubiri.

Binti yako,
Liqin