Susu la Asidi

Llanelli, 4 Machi 1878

Kaka Ithel,

Pokea salamu za desturi. Sisi wazima, kama kukosa kazi ni uzima.

Mashine uliyoichora imefika. Mvuke unalichovya susu, kile kitundu kinachoning'inia kilichopangwa mabamba ya chuma, ndani ya birika la asidi, unalitikisa mpaka kutu itoke, unalinyanyua. Ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya kwa mikono. Wanawake wote tumeachishwa, isipokuwa Mama mdogo Marged, aliyebakizwa kufungua ndoano. Kanisani wameniuliza kama wewe ni ndugu yangu kweli. Nikawaambia ulikuwa.

Pasaka usije.

Dada yako,
Gwenllian

Swansea, 11 Machi

Dada Gwenllian,

Mimi mzima, ingawa hukuuliza.

Mama alikufa kwa kikohozi cha hiyo asidi mnayoililia. Wewe mwenyewe meno yamekwisha na thelathini hujafika. Mlitaka mwendelee hivyo mpaka lini? Pasaka nitakula kwa watu wenye shukrani.

Kaka yako,
Ithel

Llanelli, 2 Juni

Ithel,

Hali sikuulizi. Jumanne mnyororo wa mashine yako ulikatika, susu likaanguka, asidi ikamrukia Mama mdogo usoni. Jicho la kushoto limekwenda. Meneja anasema alisimama pasipo pake. Alisimama pale ulipoichora ndoano.

Maumivu yakimzidi anakuita wewe, si mimi ninayemuuguza. Njoo umfundishe shukrani.

Gwenllian

Swansea, 9 Juni

Dada,

Natumaini Mama mdogo amelala vizuri.

Alhamisi nilikuja huko kiwandani. Nyumbani sikupita, miguu ilikataa. Nilimwomba meneja asimamishe mashine mpaka nibadilishe mnyororo na kuweka kinga. Akanijibu, "Fundi, jicho la bibi kizee halisimamishi kiwanda."

Nikapanda juu ya mashine, nikaing'oa mikono ya kunyanyulia, wanaume wa tanuri wakinitazama. Hakuna aliyenizuia. Sasa nimefukuzwa kazi, na polisi wananiulizia. Nitakuja Jumamosi kabla hawajanikuta. Nikiona mlango umefungwa, sitagonga.

Kaka yako, kama bado,
Ithel

Llanelli, 12 Juni

Kaka Ithel,

U hali gani? Mama mdogo ameanza kunywa supu.

Wametuita tena mabirikani mpaka mashine itengenezwe. Nimerudi, na kikohozi kimerudi. Usidhani nakushukuru, na kukusamehe sijakusamehe. Lakini yeye anakuagiza ukifika uketi upande wake wa kulia, akuone vizuri anapokutukana.

Mlango nitauacha wazi.

Dada yako,
Gwenllian